Kunguru wa Uani kwa Mama

Carama, Bujumbura
Tarehe 16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Sulemani,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Houda na mtoto, na kwamba baridi ya huko Kanada haijaanza kuwatesa. Je, kikohozi cha Houda kimepona? Na mtoto, ameshaanza kutembea? Huku sote tuko hai, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, na mbu nao wameanza.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye grupu ya familia kaka yetu Djibril anasoma kila kitu, na kwenye simu wewe unaniambia "tutaongea", halafu mtandao unakatika. Barua nimempa Patricia, binti wa jirani, anayekuja huko kusoma. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote. Nina hasira, Sulemani, na sitaificha.

Unaukumbuka mti wa avoka wa nyuma ya jiko, ule ambao mama aliupanda mwaka tuliotoka Buyenzi kuja kuishi huku. Mwaka huu kunguru wawili, wale wenye kifua cheupe, walijenga kiota juu kabisa. Walijenga kwa vijiti na nyaya, na hata kamba yangu ya kuanikia waliinyofoa kipande. Sikujali. Lakini makinda yalipotoka, uani kukawa vita.

Ukitoka tu na beseni la nguo, mmoja anashuka kutoka nyuma bila sauti na kukupiga kisogoni. Mimi walinipiga mpaka damu ikaingia kwenye kitambaa changu cha kichwa. Niliwatukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Kwenda chooni tulikuwa tunakwenda kwa kukimbia, mwavuli mkononi, kama watu wanaokimbia risasi. Nilitaka waondoke hata siku hiyohiyo.

Mama walimpiga pia, mara nyingi kuliko mimi, kwa sababu yeye hakimbii. Birindwa, yule jirani Mkongomani anayetengeneza pikipiki, akamletea kaske yake ya pikipiki. "Mama, vaa hii, watakutoboa kichwa bure," akamwambia. Mama akaivaa juu ya kilemba, akaenda kuanika nguo. Nsimire, mke wa Birindwa, alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alisema, "Muache kucheka. Iko nalinda watoto yake. Ninyi mulipokuwa wadogo, kuna mutu alikuwa anaingia kwangu bila kupiga hodi?" Na kweli, Sulemani, wewe hukumbuki, ulikuwa mgongoni, lakini mimi nakumbuka mama alivyosimama mlangoni Buyenzi na mchi wa kinu mkononi.

Basi Djibril akashuka kutoka kwake Kiriri kuja kutusalimu. Kunguru hawakumgusa siku hiyo, alikaa barazani tu. Alipoona kidonda changu akasema mti ukatwe kesho yake. Mama akamjibu, "Apana. Ngoja watoto waruke. Wakisharuka, tutaona." Djibril akasema, "Sawa, mama." Alisema mbele yangu na mbele ya Birindwa. Akanywa chai yake, akaaga, akaenda. Nilimwamini. Mtu anamwambia mama yake sawa, wewe utafikiria nini tena?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Gihosha kwenye harusi ya binti wa shangazi. Djibril hakuja. Alituma salamu kwamba ana kazi. Tulirudi mchana, tungali na nguo za harusi, na kabla hatujafika langoni tukasikia msumeno wa mota. Unajua shida ya esanse ya magari hapa? Watu wanaacha magari kwenye foleni wanarudi kulala nyumbani. Mgonjwa wa mtaa huu alipelekwa hospitali kwa toroli. Lakini ya kukata mti wa mama ilipatikana!

Mti ulikuwa umeshalala. Uliangukia ukuta wa jiko, ukavunja kona na kupindisha bati. Avoka changa zilikuwa zimetapakaa hadi kwa Birindwa. Msimamizi wa wale wafanyakazi, anaitwa Bonfils, si mtu mbaya, alizima mashine alipotuona. Nikamuuliza nani kawatuma. Akasema, "Bwana Djibril. Alituambia familia yote imekubali, hata yule ndugu wa Kanada."

Hata yule ndugu wa Kanada. Yaani wewe.

Nilimfukuza na watu wake kwa maneno ambayo hakustahili. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaingia katikati ya matawi. Aliyakuta makinda yamekufa chini ya kiota. Yalikuwa na manyoya tayari, yalibakiza kidogo tu yaruke. Aliyaweka kwenye kitenge chake kipya cha harusi, akachukua jembe, akayachimbia shimo karibu na uzio.

Na wale kunguru, Sulemani, hawakujua nani ni nani. Walikuwa wanazunguka na kulia juu yetu, halafu wakamshukia mama, yeye aliyewatetea, wakampiga kichwani huku ameinama na jembe. Nilimkimbilia na mwavuli akausukuma. Birindwa aliita kutoka upande wake, "Mama, ingia ndani!" Hakuingia. Alimaliza kufukia, damu inamshuka sikioni, na ndipo akaja kukaa, akaniacha nimwoshe. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Jumatatu ikaja lori na matofali. Hapo nikaelewa. Djibril anataka kujenga aneksi, vyumba vya kukodisha, pale nyuma, na mti ulikuwa katikati ya njia yake. Kunguru walimpa sababu tu. Kidonda cha kichwa changu alikifanya kibali chake! Lile kovu naligusa kila ninapochana nywele.

Ijumaa baada ya sala alikuja mwenyewe na kanzu nyeupe, anatabasamu, na mkate mkononi. Mama alimpakulia wali kama kawaida. Alimwacha ale kidogo, kisha akamwambia, "Matofali yako, uyarudishe."

Djibril akasema, "Mama, ni mti tu. Ni ndege tu. Mi nilifanya kwa ajili ya usalama wenu."

"Mi sisemi ndege," mama akasema. "Nasema uliniambia sawa."

Akaanza kueleza mambo ya parsele, ya kiwanja hiki, kwamba mji unakua, kwamba nyumba inaharibika, kwamba yeye ni mtoto mkubwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mi sijakufa, Djibril. Siku nikifa mutagawana. Leo hapa hakuna mutu anajenga." Djibril akanawa mikono, akaondoka bila kumaliza chakula. Jana lori lilirudi kuchukua matofali. Ukuta wa jiko bado uko wazi, mvua inaingia, na hajatuma hata fundi mmoja. Birindwa ameziba kwa turubai.

Kunguru walikaa juu ya waya wa umeme siku kadhaa, kisha wakaenda zao. Uani sasa ni kimya na jua kali, na mimi kimya hicho sikipendi.

Sasa nakuja kwako. Sijui Djibril alikuambia nini. Labda alikuambia ndege wanatuua huku, labda alisema mama ndiye ameomba, nawe ukaitika "sawa" ukiwa kazini, bila kufikiria. Labda hukuulizwa kabisa na jina lako lilitumiwa tu. Mimi usinijibu, sitaki kuwa mpelekaji wa maneno yenu. Mpigie mama mwenyewe, umwambie kwa kinywa chako. Kama ulikubali, sema ulikubali. Atakukasirikia, na atakusamehe, ni mama.

Kwa sababu yeye hajaniuliza, Sulemani. Alimsikia Bonfils kama nilivyomsikia mimi, na tangu siku ile hajalitaja neno hilo la ndugu wa Kanada hata mara moja. Zamani simu yako ikilia aliniwahi, hata akiwa kwenye mswala anaharakisha salamu. Sasa ikilia anaiangalia, ananisogezea, na kusema, "Pokea wewe, mi niko na kazi." Kisha anakaa palepale, mikono mitupu.

Nisalimie Houda, na umbusu mtoto kwa niaba yangu na ya bibi yake. Birindwa na Nsimire wanakusalimu sana. Shangazi wa Gihosha anauliza utakuja lini. Mungu awalinde huko ugenini, awape riziki ya halali, na aulainishe moyo wako uchukue simu.

Dada yako anayekupenda, hata leo akiwa na hasira,

Assia