Kuku Wote Uliwajua Baba Zao

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanuna, nami nakujua kwa kununa.

Jana mimi na mume wangu Sadiki tulipanda mlima hadi kwako Kinole kwa arobaini yako. Kuku wako wapo, wamezagaa uani, nikajikuta nawatazama kwa macho yako. Yule mwekundu asiye na manyoya shingoni, mama yake kishingo. Yule mrefu anayetembea kwa maringo, baba yake kuchi. Hukunifundisha kulima, Mjomba, mvivu mkubwa wewe. Ulinifundisha hayo.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa? Mitumba na kuku wa kizungu vilipanda mlima pamoja. Watu waliteremka mjini na ndizi, wakarudi wamevaa makoti ya watu wasiowajua, mkononi mitetea weupe wa mayai waliokwisha kuchoka kutaga. Mitetea wakakutana na majogoo wetu, basi uani kwako zikazaliwa rangi ambazo hatujawahi kuziona. Ukawa huna kazi nyingine. Umeshika bakuli la uji, unaniuliza, "Zuhura, yule wa madoa baba yake nani?" Nikisema jogoo wa jirani, unacheka mpaka uji unamwagika.

"Tazama miguu, we mtoto! Jogoo wa jirani miguu myeusi. Hiyo njano imetoka wapi?"

Na siri hukuwa nayo hata kidogo. Mwenye jogoo akipita njiani unampigia kelele, "Jogoo wako kanizalia tena huku!"

Ndiyo maana nilipompata Sadiki niliogopa. Kwetu ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Ungekataa wewe, harusi hakuna. Na Sadiki alikuwa mtoto wa Ngerengere, mama yake Mluguru aliyeuza chai stesheni, baba yake hajulikani. Mama wa watu alifariki bila kumtaja. Kuna nyumba Sadiki alishakwenda kuposa, wakamuuliza baba yake ni nani, akakosa la kusema, wakamfungulia mlango atoke. Siku naileta posa yake kwako, njiani akaniambia, "Akiniuliza baba, nageuza." Ningemwambia nini, na mtu tunayekwenda kumwona hata kifaranga hakiachi bila kukitafutia baba?

Ulimkaribisha vizuri. Kisha ukamtazama miguu, Mjomba! Wallahi nilikuona. Ukaanzia miguuni, ukapanda taratibu mpaka masikioni, halafu ukamwambia, "Kijana, hebu niletee maji pale mtungini." Akaenda, akarudi na kata, nawe macho hujayabandua. Ukanyamaza, wewe usiyejua kunyamaza. Mara kifaranga cheusi chenye miguu ya njano kikapita katikati yenu, nikasema nimekwisha, sasa ataanza. Ukakisogeza kwa mguu, kikaenda zake.

"Mama yako wa ukoo gani?"

Sadiki akautaja.

"Basi si ukoo wetu, mnaoana." Ukamgeukia mkeo. "Mama Tunu, songa ugali, tuna mgeni."

Hukuuliza jingine siku ile, wala miaka yote iliyofuata. Mimi nilishusha pumzi. Sadiki hakushusha. Aliamini ulimpokea kwa sababu hukujua kuwa hana baba wa kumtaja, na kwamba siku ukijua utajuta. Kila tulipokuja kukuamkia alikaa karibu na mlango. Wewe ulidhani anapenda upepo?

Jana, wageni walipotawanyika, Mama Tunu akanivuta jikoni. Akasema baba yake Sadiki ulimjua siku ile ile, kwa mwendo wa mwanawe alipoyafuata maji. Mnunuzi wa ndizi aliyekuwa akipanda huku zamani, mtu mgomvi, mliyeachana naye kwa matusi na hukutaka hata kumsikia.

"Sasa mbona hakusema?" nikauliza.

"Hata mimi nilimuuliza. Akaniambia, kuku hawaoni aibu, yule kijana anaona."

Tukiteremka nikamweleza Sadiki kila kitu. Nikamwambia Mama Tunu jina analo, akitaka turudi. Akaketi juu ya jiwe. Akavua kofia, akawa anaigeuzageuza mpaka nikaanza kujilaumu.

"Kumbe alijua," akasema, "na bado akanipa wewe."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa kofia, akasema jina lisubiri, leo ana njaa. Kisha akatangulia. Nami nikawa nyuma yake, nautazama mwendo ule ulioutazama wewe. Mjomba, moyo wangu mwepesi leo, sijui nikuambieje.

Kuku usiwe na wasiwasi nao, nitakuwa nakuja kuwaangalia na kuwataja baba zao kwa sauti. Pumzika. Asante kwa kunyamaza mara ile moja.

Mpwa wako,
Zuhura