Jina Lililobaki Kijani

Alhamisi, Nyasho. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Mwili mzito.

Ni wiki ya tano tangu tumzike mdogo wangu, Magesa, kule Bunda. Nimerudi kazini. Nasambaza barua kwenye ofisi za chuo, na tangu mwaka jana nimepewa pia kazi ya simu. Kompyuta inaangalia nani anafungua masomo mtandaoni na nani anatuma kazi za walimu. Anayeingia, jina lake linabaki kijani; aliyepotea, linakuwa jekundu, nami nampigia: kuna shida gani, tukusaidieje? Walinichagua kwa sababu sina sauti ya kugomba. Wapo waliorudi darasani kwa simu hizo.

Magesa alikuwa anasoma hapo hapo. Jina lake lilikuwa kijani mpaka mwisho.

Niandike ukweli. Wiki ile sikumpigia kwa sababu alikuwa kijani. Niliona jina lake, nikafurahi, nikaendelea na wengine. Kumbe amelala na homa kwenye chumba alichopanga. Mwenye nyumba alipomfikisha hospitali, alikuwa amechelewa.

Leo kwenye orodha nyekundu nimekuta jina la Masatu, rafiki yake. Nimempigia. Badala ya kunieleza kwenye simu, amekuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Dada, mimi ndiye nilikuwa naingia kwa jina lake."

Nikaweka orodha mezani. Akaendelea:

"Aliniambia anaenda Bunda kusaidia kuchuma pamba. Akanipa paswedi. Akasema niingie kila siku, maana wewe ukimwona kwenye nyekundu utamsema mpaka Krismasi. Si unajua alivyokuwaga anakuogopa?" Akacheka kidogo, halafu akalia. "Nilijua yuko shambani, dada. Kumbe hakutoka chumbani."

Nilitaka kumpiga. Nikamvutia kiti.

Nilipomuuliza kwa nini sasa yeye mwenyewe haingii, alinionyesha simu yake. Akifungua ukurasa wa masomo, jina linalokuja kwanza ni la Magesa. Hana moyo wa kulifuta.

Tumelifuta pamoja. Kidole kilikuwa changu.

Kuingia kwa jina la mwenzako ni kosa, mtu anasimamishwa masomo. Kwenye fomu ninayojaza kwa kila niliyempigia kuna sehemu ya sababu ya kupotea, na kalamu yangu ilikaa hapo muda mrefu. Mwishowe nikaandika neno moja: Amefiwa.

Mwalimu anayesimamia orodha akasoma, akauliza, "Huyu kafiwa na nani?"

"Na mdogo wangu."

Akavua miwani.

Nikamwambia kwamba kijani wakati mwingine ni mkono wa mtu mwingine, kwa hiyo tuwe tunawapigia na walio kijani pia. Kwamba mkono huo ni wa Masatu sikusema. Akasema ni wengi mno, hatutawamaliza. Nikasema nitaanza na watano, kesho asubuhi, kabla ya barua.

Amekubali. Nilidhani moyo utatulia, haujatulia.

Maana namjua Magesa. Mtoto yule aliwahi kuchomwa na msumari akatembea nao nusu siku, asije akamtia mama wasiwasi. Ningempigia wiki ile, angeniambia anaumwa? Au angesema, "Niko poa, dada," nami nikaamini, nikaenda kwenye jina linalofuata?