Dume Asiyefaa

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila nguvu za kugombeza kuku bado anazo. Mlango wa zizi nimeurekebisha mwenyewe, maana fundi wetu ni mtu wa kesho kesho.

Unasema ng'ombe wetu ni wafupi, wanatutia aibu mnadani, na kwamba yule dume wa kigeni uliyemleta mwaka juzi ndiye wa kutubadilishia mbegu. Dume wako ni mkubwa kama kabati, sikatai. Lakini anashinda kivulini akihema, na ndama wake watatu wamekufa kwa homa ya kupe. Yule wetu mfupi mwenye nundu ni kizazi cha saba cha ng'ombe aliyekuja na bibi. Kiangazi kilichopita alitembea siku mbili kufuata maji, akarudi akitafuta wa kupigana naye. Nasaba hiyo baba alinifundisha mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unakimbia harufu ya samadi.

Basi jana asubuhi bwana mifugo alikuja na koleo lake la kuhasi. Akanisomea ulichomwandikia: "Mhasi yule dume asiyefaa, abaki mmoja tu wa mbegu." Akawatazama wote wawili, akaniuliza, "Dada, asiyefaa ni yupi?"

Nikamwonyesha.

Ukija likizo, njoo na plau. Dume wako sasa ni maksai, na shamba la mama halijalimwa.

Ni mimi dada yako, niliyebaki na ng'ombe.