Pembe ya Kulia

Jumanne 3 Mei 2016
Maji, majani, kufagia zizi. Ayala dume, kama swala mkubwa mwenye pembe za matawi, alishaangusha za mwaka jana, sasa mpya zinachipua, laini, zina ngozi ya manyoya. Arbab, tajiri wetu Mwarabu, anataka zinyooke mwaka huu, wageni wake wazione. Barasa, msimamizi wetu, amepita na kikombe chake cha chai akaniambia nimwombee mnyama. Namchukia. Neno la upole zaidi silitafuti.

Ijumaa 20 Mei
Baada ya ibada nimekula mtaani Karama na vijana wa nyumbani. Wameniuliza tena habari za Otieno, aliyekuwa mwenzangu hapa zizini. Nimesimulia tena. Pembe ya kulia ilipopinda mwaka jana, Barasa alimwambia arbab kwamba Otieno alimpiga mnyama kichwani kwa reki. Uongo mtupu. Arbab akasema khalas, basi imetosha, Otieno akapandishwa ndege na mkoba mmoja. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Sasa juu analala Barasa, anakoroma. Nitamng'oa hapa. Sijui vipi.

Jumatano 1 Juni
Inapinda tena. Ya kushoto imenyooka, ya kulia imeshuka kuelekea jichoni. Na Otieno yuko kwao Siaya! Nimecheka peke yangu nyuma ya zizi. Kicheko kimekatika jioni: Barasa amempigia arbab simu, kasema safari hii ni mimi niliyempiga. Kesho anakuja daktari wa mifugo. Nimekunja nguo zangu, endapo nitafukuzwa.

Alhamisi 2 Juni
Daktari ni mama wa Kisudani, hana haraka. Kapapasa kichwa chote. Hakuna kovu. Kasema pembe ikigongwa ingali laini huharibika hiyo hiyo, ikianguka nyingine huota sawa. Ikirudia, tatizo liko mwilini. Kauliza chakula, umri, kama amehasiwa. Kisha kapiga magoti nyuma ya mnyama. Mguu wa nyuma wa kushoto ulivunjika ukaunga vibaya. Kasema mguu wa nyuma ukiumia, mara nyingi pembe ya upande wa pili ndiyo huota vibaya, hata mwaka unaofuata. Kwa nini hasa, wenyewe wataalamu bado wanabishana.

Arbab kauliza nani kavunja mguu.

Mimi najua. Ramadhani iliyopita Barasa alirudisha nyuma kigari cha majani, mbio mbio kabla ya futari, akamgonga ayala kwenye hori. Akaniambia, "Nyamaza bwana, mguu utapona, tusiharibiane kazi." Nikanyamaza. Otieno aliposhtakiwa sikuunganisha. Mguu ni mguu, pembe ni pembe, ndivyo nilivyojua. Leo nimesema yote mbele ya Barasa, kwa Kiingereza na Kiarabu changu kibovu, kidole kimemwelekea.

Jumapili 5 Juni
Barasa kaondoka. Getini kaniomba msamaha, analia. Nimembebea begi hadi kwenye teksi ili aende upesi. Arbab kanipa ufunguo wa kigari, na kasema Otieno akitaka atamtumia viza, inshallah. Nimelala kitanda cha juu. Raha tupu.

Ijumaa 10 Juni
Nimempata Otieno kwenye simu. Nimemweleza tangu mwanzo, na pale Barasa alipolia nimerudia mara mbili. Kasema viza hataki. Harudi. Ana shamba la babake la kuangalia. Kisha kauliza, "Sasa ule mguu nani anaukanda? Mimi nilikuwa naukanda kila asubuhi na maji ya chumvi. Baridi ikishika humsumbua sana."

Nimesema nitaangalia. Sikujua kama ulikuwa ukikandwa.

Jumamosi 11 Juni
Nimeamka mapema. Nimechemsha maji, nimetia chumvi. Ayala kanikimbia, anachechemea. Nimekaa chini karibu na hori mpaka akaja mwenyewe. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Umevimba juu ya kifundo.