Nyundo Isubiri Barua

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu zote ninazozijua, na zile nilizozisahau binti yako atanijazia, maana ndiye anayekuletea barua hii mkononi. Natumaini magoti yako yamekuwa na adabu tangu tuonane, na kwamba bado unawafokea wajukuu kwa sauti ile ile iliyokuwa ikishinda cherehani. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mgonjwa aliyechangamka. Daktari ameacha kuniambia nitapona. Siku hizi ananiuliza tu kama nimelala vizuri, nami nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Lakini leo sina huzuni hata chembe. Moyo unanidunda kama wa kijana anayesubiri jibu la posa. Muuguzi aliniona naandika akaninyang'anya kalamu. Nikamwambia nisipoandika leo nitakufa kwa kunyamaza, na dawa ya ugonjwa huo hana kabatini. Akacheka, akanirudishia.

Kuna jambo nimekuficha, na sitalizungusha. Kile kikombe cha kiwandani ulichosingiziwa, kilichokufanya uitwe Mama Kikombe hadi leo, sokoni na hata kwenye harusi za wanao, sikuwahi kuhitaji kumtafuta mwizi wake. Mwizi ni mimi, kaka yako.

Haya, vuta pumzi. Najua barua umeiweka chini na sasa umeiokota. Usiichane bado, kwa sababu hiyo ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ndiyo iliyonitoa kitandani.

Juzi binti yako alipokuja kuniona alinipa habari za nyumbani kama kawaida yake, hii juu ya ile. Katikati akasema kwamba mkweo, yule fundi mwashi, wiki ijayo anakuja na nyundo yake kubwa kubomoa sehemu ya mbele ya nyumba ili akuwekee mteremko, kwa ajili ya hayo magoti. Chai ilinimwagikia kifuani. Binti akapiga kelele, Mjomba, Mjomba, muuguzi akaja mbio, daktari akanipima moyo. Kumbe moyo ulikuwa mzima; ulikuwa umeshtuka tu. Tangu hapo sijalala, nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani. Nikifa kabla hujaisoma, nyundo ile itakuponza wewe, na jina lako halitasafishika tena. Basi ombi langu la kwanza, hata kabla ya msamaha, ni hili: fundi asiguse kitu mpaka umeimaliza.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, kwa kuwa wewe uliiona kutoka chini na mimi niliiona kutoka juu.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka masomoni, kichwa kimejaa vitabu juu ya namna watu wanavyofanya kazi pamoja. Mkurugenzi akanipa ile ofisi ya ghorofani yenye dirisha pana, nikawa nawatazama wakataji wa ngozi upande huu wa ukuta na washonaji wa viatu upande ule, kama mtu anayetazama samaki. Nilidhani kiwanda ni saa ya ukutani: ukijua gurudumu lipi linasukuma lipi, umemaliza. Nikapendekeza mashindano. Kila mwezi vihesabiwe vipande vya wakataji na viatu vya washonaji, chumba kitakachopita lengo lake kwa mbali zaidi kikae na kikombe. Nilikinunua mwenyewe, cha shaba, chenye masikio mawili, ukubwa wa birika dogo. Wewe ulikuwa kiongozi wa washonaji. Wakataji waliongozwa na Mzee Kisu, ambaye wakati ule hakuwa mzee, alikuwa Kisu tu.

Mwezi wa kwanza kazi ikapanda, mkurugenzi akanipiga bega mbele ya wageni. Sikuona kingine. Sikuona kwamba watu waliokuwa wakila meza moja kantini walianza kupeana mgongo. Kisu alitangaza kwamba washonaji wanashona kama watu wanaouombea uzi ruhusa. Nawe ukamjibu kwamba wakataji wanakata kama panya waliopelekwa shule. Tulicheka wote, nami nikaandika kwamba ari imeongezeka. Kumbe gundi ilianza kufichwa. Ngozi nzuri ikaanza kulala chini ya meza, ikisubiri mwezi wa shida. Yule mkataji aliyeoa mshonaji akahamia kulala sebuleni, mkewe akisema hawezi kulala na adui.

Kisha ikaja ile oda ya viatu vya wanafunzi, oda ambayo mkurugenzi alisema ikiharibika atafunga chumba kimoja, na hakusema kipi. Hapo ndipo wakataji walipogundua kwamba kukigeuza kigezo cha kukatia ili ukate kiatu cha kulia kunapoteza muda, na mimi mwerevu nilikuwa nahesabu vipande bila kuuliza ni vya mguu gani. Wakakata vya kushoto. Wakaendelea kukata vya kushoto, wakijiambia vya kulia vitafuata. Ngozi ikaisha stoo na vya kulia havijafuata. Tukabaki na mlima wa viatu vya kushoto, vimeshonwa vizuri, vimepigwa soli, vinang'aa. Labda tungetafuta shule ambayo watoto wake wanaruka kwa mguu mmoja tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Siku ile ningepaswa kushuka zile ngazi na kusema mbele ya wote kwamba kosa ni la mashindano, na mashindano ni yangu. Maneno mepesi. Lakini mkurugenzi alikuwa ameshawaandikia wenzake wa viwanda vingine kunisifu, na sifa, mdogo wangu, ni kiatu kinachobana ambacho mtu hakubali kukivua mbele za watu. Badala yake, wakati wa chakula, wote mkiwa kantini, niliingia chumba chenu cha washonaji, maana mwezi ule kikombe kilikuwa kwenye rafu yenu. Nilikitia kwenye mfuko wangu wa chakula, nikafunika kwa taulo, nikapanda nacho ofisini nikipiga mluzi. Niliwaza: pasipo kikombe hapana mashindano, na hakuna atakayeniuliza nilikosea wapi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mkuu wa walinzi, Jicho, akatukusanya ukumbini, akafunga milango, akaanza kupekua mifuko ya watu mmoja mmoja, na mifuko ya ofisini hakuigusa. Kila chumba kikawa kinakinyooshea kingine kidole. Nilikuwa nimesimama kando ya mkurugenzi, jasho linanitiririka mgongoni. Ndipo ukasimama wewe. Hukuzungumzia kikombe kabisa. Ulishika kiatu kimoja cha kushoto, ukakiinua, ukamtazama Kisu.

“Tuliona tangu siku ya kwanza,” ulisema. “Tukanyamaza makusudi, ili mshindwe.”

Jicho akaacha kupekua. Kisu alikuna kidevu, akakuna tena, kisha akasema taratibu:

“Na sisi tulijua kwamba mmeona.”

Sijui nani aliyecheka wa kwanza. Nadhani ni yule mke wa mkataji. Najua tu kwamba kicheko kilipita ukumbini kama maji yaliyopasua bomba, watu wakashikana mabega, na mchana ule ule, bila amri yangu wala ya mtu yeyote, wakataji walibeba meza zao wakaziingiza chumbani kwenu. Nilirudi dirishani kwangu nikatazama. Ngozi ilitoka chini ya meza za wakataji, gundi ikatoka nyuma ya makabati yenu, uzi ukatoka hata ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Kila kilichohitajika kwa viatu vya kulia kilikuwemo ndani ya jengo muda wote, kila mmoja amemficha mwenzake. Mshonaji akiona kipande kimepinda, alimgeukia mkataji aliye ubavuni akamwonyesha, yakaisha pale pale. Oda ilitoka kwa wakati. Nililia dirishani, nakuapia, kwa furaha ambayo sijapata kuionja tena, isipokuwa leo.

Lakini Jicho naye alikuwa na hesabu yake. Alisema aliyeweza kuficha alichokiona anaweza kuficha chochote. Yaani ukweli wako ndio uliokutia hatiani. Asubuhi iliyofuata walikuja nyumbani kwako, wakatoa magodoro nje, wakamwaga unga, majirani wamejaa uani, na mwanao mdogo ameshika sketi yako. Hawakupata kitu. Siku ya pili ukaja kazini umevaa nguo yako nzuri kuliko zote, ukasimama katikati ya zile meza zilizochanganyika, ukaapa kwa sauti. Nakikumbuka kiapo hicho neno kwa neno.

“Kikombe hicho hakijavuka kizingiti changu, na nikiwa hai hakitavuka.”

Kilikuwa ndani ya mfuko, chini ya meza yangu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakigusa.

Cheo cha msimamizi mkuu ukanyimwa, akapewa Kisu, ambaye hadi leo husema alikaa kwenye kiti chako. Ukaanza kuitwa Mama Kikombe. Mwanzo ilikuwa kejeli, kisha kwa ukaidi wako ukaifanya jina, ukawa unawakaribisha wageni kwa kuwaambia kikombe pekee ulicho nacho ni hiki cha chai. Walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, nikiwa nimekishika hicho cha chai kwa mikono miwili.

Na mimi? Nilipandishwa. Nikaitwa vyuoni kufundisha juu ya kile kiwanda. Miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi kwamba siri ilikuwa mpangilio wa meza. Nilichora meza ubaoni kwa chaki za rangi. Mara moja msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliuliza ni nani aliyewaambia wazihamishe, nikakohoa hadi kengele ikalia. Faraghani nilijidanganya kwa namna nyingine, nikijiambia kwamba wizi wangu ndio uliookoa kiwanda. Uongo pia. Wizi wangu ulileta upekuzi tu. Kiwanda kilisimama kwa yale maneno yako mafupi na kiatu kimoja mkononi. Ningewafundisha hayo ningekuwa mwalimu. Lakini mtu hawezi kuwaeleza wengine faida ya kukiri huku mwenyewe amekalia kikombe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu hadi soli zimekwisha, na bado sijafika.

Sasa nisikilize vizuri, tumekaribia. Jumamosi ya wiki ile ile ulikuwa unamalizia nyumba, zege linamwagwa mlangoni. Nilikuja kusaidia. Ulicheka uliponiona nimekunja suruali, ukamwambia fundi amtazame mtu wa ofisini leo ameshika mwiko. Ukashangaa kwamba nimekuja na mfuko wangu wa chakula, nami nikakuambia siku hizi tumbo langu halitaki chakula cha watu. Jicho alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu ofisi nazo zitapekuliwa. Nyumba moja tu katika mji mzima ilikuwa imeshapekuliwa, na hakuna ambaye angeipekua tena. Nikakutuma maji. Fundi nikamtuma mchanga. Na hata katika woga ule, nakiri, nilikumbuka kiapo chako, nikaogopa kukufanya mwongo.

Ombi langu la pili ni hili. Mwite Kisu, na Jicho pia aitwe, wawekeeni viti mbele ya nyumba. Majirani waje. Binti yako asome barua hii kwa sauti, yote, hata pale ninapojiaibisha, na hasa pale. Barua isomwe kwanza, nyundo ifuate. Nataka wajue kabla hawajaona. Baada ya hapo fanya na kikombe utakalo. Ukinywea chai, usinibakizie. Na kama utaweza kunisamehe, mtume binti aniambie upesi, kwa kuwa daktari ameanza kuniuliza kuhusu usingizi mara mbili kwa siku. Kama hutaweza, mtume vile vile. Nitafurahi kumwona.

Wape salamu wajukuu, na mkweo fundi, umwambie apige taratibu. Mke wangu, aliyekuombea mema hadi mwisho bila kujua lolote kati ya haya, angekusalimu kama angekuwepo. Mimi nakukumbatia kwa mikono hii iliyokonda, na nimechangamka, mdogo wangu, kama siku ile dirishani.

Ni mimi kaka yako, mwizi.

Kiapo chako ni kizima. Kikombe hakijavuka kizingiti chako. Kimo ndani yake.