Maziwa ya Nyangumi

Mjukuu wangu Salma,

Natumai u mzima huko Toronto. Hapa Kilburn tunaendelea, ila bibi yako analalamikia goti. Umeniuliza kwa nini nakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mama yako anasema ni ubahili. Si ubahili.

Baada ya mapinduzi niliondoka Unguja, nikapata kazi kwenye meli ya kuwinda nyangumi. Kwetu nyangumi ni samaki, na samaki hachinjwi wala haonewi huruma. Siku moja tukampasua mmoja pale sitahani, yakamwagika maziwa, ya moto, mpaka viatuni mwangu. Nikaduwaa, kisu mkononi. Baharia mwenzangu, Mngazija, akaninong'oneza, "Alikuwa ananyonyesha." Tukachungulia baharini. Mtoto wake alikuwa anaifuata meli.

Tangu hapo, nikitiliwa maziwa kwenye chai, nahisi yupo mtoto anayasubiri.

Babu yako