Viti Vitatu vya Abiria Mmoja

Jumapili, 9 Machi

Kaka mpendwa,

Hatujambo. Kikohozi cha mama kimepungua, ila bado anakisingizia zamu yake ya kuosha vyombo ikifika.

Nimekata tiketi ya kuja kwako kwenye ule ukurasa wa mtandaoni uliowatengenezea watu wa mabasi. Simu, ambayo ndiyo macho yangu, ilinisomea kwa sauti vizuri hadi kitufe cha kuthibitisha. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena na tena, kimya. Mama akachungulia, akacheka: "Mwanangu, hapa pameandikwa 'Umepata kiti' mara tatu." Kumbe maandishi hutokea juu, lakini simu haiambiwi kwamba kuna jipya, nayo hainiambii. Sasa nina viti vitatu, na makalio ninayo ya kiti kimoja tu.

Ufundishe ukurasa wako adabu ya nyumbani kwetu: anayeingia hujitaja, anayetoka huaga, ili nisibaki nikikisia. Wewe mwenyewe ndiye uliyeianzisha kwa ajili yangu. Ndiyo maana asubuhi ile ulipoondoka bila kuaga, niliendelea kuzungumza na kiti chako hadi chai ikapoa.

Sijakasirika tena. Nafika Alhamisi. Ukiniona stendi, usinishike mkono kwanza. Sema, "Ni mimi."

Mdogo wako akupendaye